Betri ya Trela Safari Nzima: Mwongozo Kamili wa Kuichaji Ukitoka Nairobi

Kutoka Nairobi hadi Mombasa ni takriban kilomita 480. Ukivuta trela la kupigia kambi huendi mbio: unatoka alfajiri, unakula chakula cha mchana Mtito Andei, unafika jioni. Muda wote huo injini inazunguka na alteneta inazalisha umeme. Kwa hiyo Desemba ya kwanza tulipolipeleka trela letu Kilifi, nilifungua kisanduku cha betri nikitarajia kuikuta imejaa pomoni. Mita ilisoma volti 12.1. Tulikuwa tumeshinda barabarani siku nzima, na betri ilifika ikiwa chini kuliko ilivyotoka nyumbani.

Nilimlaumu aliyeniuzia betri. Aliyenifungua macho ni fundi mmoja wa umeme wa magari hapo Kilifi, mzee asiye na maneno mengi. Aliushika waya uliotoka kwenye gari kuja kwenye trela, akaubana kati ya vidole viwili, akaniuliza: "Mwanangu, tangi lako la maji unalijaza kwa mrija wa soda?"

Tangu siku hiyo nimeubomoa na kuujenga upya mfumo mzima mara mbili, na mpangilio wa mwongozo huu umetokana na makosa hayo. Watu wengi huanza kwa kununua paneli ya sola kwa sababu inaonekana na inapendeza. Mimi nakushauri uanze na karatasi na kalamu, uende kwenye waya, uje kwenye chaja, na paneli uifikirie baada ya hapo.

Hatua ya 1: Jua unakula kiasi gani kwa siku

Kipimo tunachokitumia ni ampea-saa, ile Ah iliyoandikwa ubavuni mwa betri. Kifaa kinachovuta ampea 2 kikiwaka kwa saa 8 kimekula ampea-saa 16. Kama lebo yake imeandikwa wati, gawanya kwa 12 upate ampea.

Hii hapa siku yetu moja pwani, watu wanne. Friji ya kompresa ya lita 45 huvuta ampea 4 inapozunguka, na kwenye joto la Kilifi huzunguka karibu nusu ya siku: 48. Feni moja, ampea 2, usiku kucha saa 8: 16. Taa nne za LED za wati 5 kwa saa 4: kama 7. Simu nne: 5. Kompyuta ndogo kupitia inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama stima ya nyumbani: 6. Pampu ya maji huvuta ampea 5, lakini kwa dakika chache tu, kwa hiyo weka 1. Jumla ni 83.

Familia hiyo hiyo ikienda Nanyuki, ambako usiku unajifunika blanketi mbili, feni haiguswi na friji huzunguka theluthi moja tu ya muda. Matumizi yanashuka hadi karibu 50. Ndiyo maana jibu la jirani yako aliyetoka Nanyuki halikufai wewe unayekwenda Lodwar.

Vitu viwili huharibu hesabu hii. Cha kwanza ni friji ya njia tatu, ile inayotumia gesi, stima au betri, ambayo huja na karavani nyingi kutoka Uingereza. Ikiwekwa kwenye betri huvuta ampea 10 hadi 15 bila kupumzika, na usiku mmoja unatosha kuua betri nzuri. Iendeshe kwa umeme wa gari mkiwa mwendoni tu. Mkisimama, igeuze kwenye gesi, na trela liwe limelala sawa, kwa sababu friji ya aina hiyo haifanyi kazi vizuri ikiwa imeinama.

Cha pili ni inveta na vifaa vya kupasha joto. Birika la wati 2,000 likichemsha kwa dakika 5 limekula takriban ampea-saa 16 ukihesabu na kinachopotea kwenye inveta. Hiyo ni feni ya usiku mzima imeishia kwenye vikombe vinne. Chai ipikwe kwa mtungi. Na inveta yenyewe izimwe ikiwa haina kazi, maana hata bila kubeba kitu inaendelea kunyonya.

Hatua ya 2: Ijue betri uliyo nayo

Betri ya kuwashia gari, ile N70 ya kawaida, imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache kisha ijazwe mara moja. Ukiifanya ya kulisha friji usiku kucha haitamaliza msimu. Kwa trela unataka betri ya mzunguko wa kina, inayovumilia kushuka na kupanda kila siku.

Za asidi na risasi, ziwe za kuongezewa maji, za AGM (zilizofungwa, asidi imenyonywa na nyuzi za kioo ndani) au za jeli, zitumie hadi nusu tu. Kwa matumizi ya ampea-saa 83 unahitaji betri ya kama 166, yaani mbili za 100 zilizounganishwa sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi. Ziwe za aina moja, umri mmoja, zimenunuliwa pamoja. Ukioanisha mpya na mkongwe, mkongwe ataishusha mpya hadi zilingane.

Za lithiamu aina ya LiFePO4 unaweza kuzitumia hadi asilimia 80 au 90 bila kuziumiza, na ni nyepesi. Betri ya asidi ya 100 huwa na kilo kati ya 25 na 30, wakati ya lithiamu ya ukubwa huo huwa kama 10 hadi 13. Uzito ni mizani yako dukani pia: ukiuziwa "lithiamu ya 100" yenye kilo 6, irudishe mezani taratibu. Kwa ya asidi, tafuta tarehe ya kutengenezwa iliyogongwa kwenye mwili wake, na uchunguze kama imepakwa rangi upya. Betri iliyokaa rafu mwaka mzima bila kuchajiwa imeshaanza kufa kabla hujailipia.

Kupima betri ya asidi, iache ipumzike saa moja au zaidi bila kuchajiwa wala kutumika, kisha weka mita. Volti 12.7 imejaa. Volti 12.4 ni kama robo tatu. Volti 12.2 ni nusu, na hapo ndipo unapoacha kuitumia. Volti 12.0 ni robo. Chini ya 11.9 haina kitu, na kila siku inayolala hivyo sahani zake za risasi zinaota chumvi ngumu ambayo chaja haiiondoi. LiFePO4 haipimiki kirahisi namna hiyo kwa sababu volti zake hukaa karibu palepale, 13 na kitu, kuanzia juu hadi karibu na mwisho. Kwa hiyo ifungie kipimo kinachohesabu ampea zinazoingia na kutoka. Mafundi wanakiita shanti, hufungwa upande wa hasi, na kwa maoni yangu ni kifaa cha thamani kuliko inveta kwa sababu kinakupa jibu badala ya makisio.

Hatua ya 3: Waya, mwizi asiyeonekana

Hapa ndipo safari yangu ya Kilifi iliharibikia, na hapa ndipo nitakaa.

Alteneta ya gari hutoa takriban volti 14.2. Betri ya asidi inahitaji kuziona volti hizo, au karibu nazo, ili ikubali kujaa. Kati ya alteneta mbele na betri ya trela nyuma kuna waya, na kila waya hula volti. Kiasi kinachopotea unaweza kukikokotoa mwenyewe: 0.0175 mara urefu wote wa waya kwa mita, kwenda na kurudi, mara ampea, gawanya kwa unene wa waya kwa milimita za mraba. Hiyo ni kwa shaba.

Chukua gari na trela vya kawaida: mita 8 kwenda, mita 8 kurudi, jumla 16. Waya wa milimita 2.5, ule unaokuja ndani ya kebo ya plagi ya trela, ukijaribu kupitisha ampea 15 unapoteza karibu volti 1.7. Toa kwenye 14.2 ubaki na 12.5. Betri iliyo nusu haiwezi kupokea mkondo wa maana kwa volti hizo, kwa hiyo ampea zinashuka zenyewe, na friji iliyo ndani ya trela inazila zote njiani. Ndivyo nilivyofika na 12.1.

Badilisha waya uwe wa milimita 16. Sasa hata kwa ampea 20 unapoteza volti 0.35 tu. Gari, alteneta na betri ni vilevile. Kilichobadilika ni unene wa shaba.

Plagi yenyewe nayo itazame. Ile ya mviringo yenye pini 7 ya mtindo wa Ulaya, inayopatikana kwenye matrela mengi hapa, ni ya taa tu. Haina pini ya kuchaji. Yenye pini 13 inayo, pini ya 9 kwa umeme wa kudumu na ya 10 kwa umeme unaokuja gari likiwashwa, lakini nyaya zake ni zile za milimita 2.5. Usilazimishe. Pitisha laini ya pili, nene, yenye plagi yake peke yake. Wengi hutumia plagi ya Anderson ya ampea 50 kwa sababu inashika sana na huwezi kuichomeka kinyume.

Unapokwenda kununua, iwe Kirinyaga Road au Luthuli Avenue, beba wembe. Omba kipande, ukwangue nyuzi. Shaba ni nyekundu hadi ndani. Zikitokea nyeupe chini ya rangi, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, nayo hupoteza volti kwa zaidi ya mara moja na nusu ya shaba halisi. Ni nyepesi mkononi pia, ukizoea utaijua hata bila wembe. Uliza unene wa shaba yenyewe, si wa plastiki ya nje. Kuna nyaya nene kama kidole ambazo ndani zina nyuzi za kuhesabika.

Kufunga:

1. Anzia kwenye ncha ya chanya ya betri ya gari. Ndani ya sentimita 20 hivi weka fyuzi ya ampea 40. Fyuzi hii inaulinda waya, kwa hiyo ikikaa mbali, kipande kilicho kabla yake hakina mlinzi.
2. Pitisha waya chini ya gari ndani ya mfereji wa plastiki, mbali na bomba la moshi, na uufunge kila hatua fupi. Barabara ya vumbi itauchezesha hadi uchubuke pale ambapo hukuufunga.
3. Waya wa hasi nao uende wote, kutoka betri hadi betri, kwa unene uleule. Usitegemee chuma cha trela wala ile ndoano ya kuvutia kuwa njia ya kurudi. Kutu na grisi si nyaya.
4. Upande wa trela, kabla ya betri, weka fyuzi nyingine ya 40. Betri ya trela nayo ni chanzo cha moto. Waya ukikatika katikati, pande zote mbili zinaweza kuwaka.
5. Vichwa vya waya vibanwe kwa koleo la kubana lenye nguvu, si nyundo. Nilikuwa na kichwa kimoja kilichogongwa kwa nyundo, kikalegea kati ya Isiolo na Archer's Post, kikayeyusha plagi.

Kisha jipime. Betri ya trela iwe imeshuka kiasi, washa injini, ongeza mafuta kidogo, na upime volti kwenye betri ya gari halafu kwenye betri ya trela. Tofauti ikizidi nusu volti kuna sehemu inakula. Gusa kila kiungo kwa kiganja. Chenye joto ndicho chenye kosa.

Hatua ya 4: Chaja ya DC-DC

Zamani ungeishia hapo: waya mnene na swichi ya rilei inayounganisha betri mbili injini ikiwaka. Kwenye Land Cruiser ya zamani bado inafanya kazi vizuri. Lakini magari ya mtumba yanayoingizwa Kenya hayaruhusiwi kuzidi umri wa miaka 8, kwa hiyo mengi ya siku hizi yana alteneta janja. Kompyuta ya gari ikiona betri ya mbele imejaa, inashusha volti hadi 13 au chini yake ili kuokoa mafuta. Rilei ikiona volti zimeshuka, hukata. Umeendesha kutoka Emali hadi Voi, betri ya nyuma haijapata chochote.

Chaja ya DC-DC hutibu hilo. Hupokea volti zozote zinazokuja, hata 12.5, na kuzipandisha hadi kile betri yako inachotaka. Ifunge ndani ya trela, karibu na betri, si kwenye gari. Ya ampea 20 inatosha familia nyingi. Kumbuka kwamba inapotoa ampea 20 kwa volti za juu, huvuta kama 25 kutoka mbele, ndiyo sababu waya haupunguzwi hata ukiwa nayo. Kwa gari lenye alteneta janja, unganisha pia ule waya mwembamba wa kuiambia chaja kwamba gari limewashwa. Bila huo itasubiri volti 13 na kitu ambazo hazitakuja.

Chagua aina ya betri kwenye mpangilio wake kabla ya kuiwasha. Jeli huchajiwa kwa volti za chini kuliko AGM, na LiFePO4 ina utaratibu wake. Fuata lebo ya betri. Ukiwa na lithiamu, chaja hii ni ya lazima, maana lithiamu tupu ikiunganishwa moja kwa moja hunyonya mkondo mkubwa kiasi cha kuichoma alteneta. Na kama unavutia lori dogo la volti 24, nunua ile inayopokea 24 na kutoa 12.

Sasa jambo ambalo halisemwi dukani. Betri ya asidi hupanda haraka hadi kama asilimia 80, kisha hupunguza mwendo. Ile asilimia 20 ya mwisho huchukua saa nyingine nne au zaidi, hata ukiwa na chaja ya bei gani. Safari ya Nairobi hadi Naivasha, kilomita 90 hivi, haiwezi kuijaza betri ya asidi iliyo nusu, na foleni haisaidii: injini ikiunguruma mahali pamoja, alteneta hutoa sehemu ndogo ya uwezo wake, na kipoza hewa cha gari na taa hula sehemu kubwa ya hiyo. Usihesabu muda wa foleni kama muda wa kuchaji. Lithiamu haina ukaidi huu, hupokea ampea zote karibu hadi mwisho, na kwa mtu wa safari fupi fupi hiyo ndiyo sababu ya kweli ya kuilipia.

Hatua ya 5: Sola ya kumalizia

Paneli inafaa pale injini inapozimwa. Haba na haba hujaza kibaba, na ile saa nne ya mwisho ya betri ya asidi ni kazi ya haba na haba hasa.

Kadiria hivi: wati za paneli, mara saa 5 za jua kamili, mara 0.7 kwa ajili ya vumbi, joto na hasara nyingine. Paneli ya 200 inakupa wati-saa 700, yaani kama ampea-saa 58. Ya 300 inakupa kama 87, zaidi kidogo ya matumizi yetu ya pwani. Huo ni wakati wa jua zuri. Julai huku Nairobi na nyanda za juu, mawingu yakitanda wiki nzima, gawanya kwa mbili na usishangae ikiwa chini zaidi.

Sisi tuko karibu na ikweta, Nairobi iko digrii 1 na kidogo kusini mwake, kwa hiyo paneli iliyolala juu ya paa inafanya kazi mwaka mzima bila kuhangaika na pembe. Iinue sentimita chache kutoka kwenye bati ili hewa ipite chini, kwa kuwa paneli ikipata joto hutoa kidogo. Ifute kila asubuhi ukiwa barabara ya vumbi.

Kivuli ndicho adui. Tawi moja likiangukia kona ya paneli laweza kukuondolea sehemu kubwa ya umeme wote, si kona tu. Ukiegesha chini ya migunga ya Naivasha, wewe utafurahi na betri italala njaa. Suluhisho letu ni paneli moja juu ya paa na nyingine ya kukunja, yenye waya wa mita 10, tunayoitandika juani huku trela likiwa kivulini. Ile hesabu ya waya ya hatua ya 3 inakuhusu hapa pia: kidhibiti, kile kifaa kinachopanga umeme wa paneli kabla haujaingia kwenye betri, kikae karibu na betri, na waya usiwe uzi.

Kidhibiti kiwe cha MPPT, aina inayogeuza volti za ziada za paneli kuwa ampea, kama mfuko unaruhusu, hasa paneli ikiwa ya volti za juu kama zile za nyumbani. Cha PWM, aina sahili isiyoweza kugeuza volti hizo, ni cha bei nafuu lakini kinahitaji paneli ya mfumo wa volti 12. Ukikifungia paneli ya nyumbani utatupa sehemu kubwa ya wati ulizolipia. Unganisha kidhibiti kwenye betri kwanza, paneli baadaye. Ukifungua, paneli kwanza.

Hatua ya 6: Stima ya nyumbani na ya kambini

Fupi tu. Siku mbili kabla ya safari ichomeke kwenye chaja ya stima yenye hatua kadhaa, ile inayojua kupunguza betri ikijaa. Siku mbili, si usiku mmoja, kwa sababu stima ikipotea usiku wa kuamkia safari utaondoka na nusu. Kambi zenye soketi zipo, lakini jaribu soketi kwa tesita kabla ya kuchomeka. Waya wa kurefusha ukiwa umeviringwa kwenye gurudumu lake, ukunjue wote. Ukibeba mzigo mkubwa ukiwa umeviringwa, hupata moto hadi kuyeyuka.

Asubuhi na jioni, ukiwa njiani

Soma mita kabla jua halijachomoza, wakati paneli haidanganyi, na uandike namba. Namba tatu za asubuhi mfululizo zitakuambia zaidi ya mfano wowote: zikishuka kila siku, unakula kuliko unavyoingiza, na una siku ya kupunguza feni au kusogeza paneli kabla ya mambo kuharibika.

Gari likiwa linatembea, ndio wakati wa kupoza friji hadi chini kabisa na kuchaji simu zote na kompyuta. Jioni ipandishe friji digrii mbili tatu. Vinywaji vya moto usiviweke saa mbili usiku. Viweke asubuhi mkiondoka, alteneta ivipoze.

Ukishatoka kwenye lami, kwa mfano kutoka Marsabit kuelekea Loiyangalani, kila mkisimama shika vichwa vya betri kwa mkono. Vikicheza, kaza. Betri yenyewe ifungwe kwa mkanda au chuma, ndani ya kisanduku chenye tundu la hewa linalotoka nje, maana betri ya asidi ikichajiwa hutoa haidrojeni, na haidrojeni ikikutana na cheche hulipuka. Changu kilitengenezwa Kamukunji kwa vipimo nilivyowapa, na bati lake ni nene kuliko la trela. Kisiwe upande unaopigwa na jua la mchana. Betri ya asidi ikiishi kwenye joto lililozidi kwa digrii 10, umri wake hupungua kwa karibu nusu. Ile ya kuongezewa maji ikaguliwe kila mwezi na ijazwe maji ya betri peke yake.

Trela likirudi uani

Hapa ndipo betri nyingi za Nairobi hufia, si Turkana. Redio iliyo kwenye hali ya kusubiri, king'ora cha gesi, taa ndogo ya inveta: vyote pamoja vikivuta ampea 0.1 tu, kwa siku 30 ni ampea-saa 72. Weka swichi kuu ya kukata kwenye waya wa betri, na uikate. Ya asidi ihifadhiwe ikiwa imejaa na ichajiwe tena kila mwezi, kwa kuwa hujishukia yenyewe. Lithiamu hupenda kukaa karibu nusu.

Ikizima ukiwa porini

Usianze kwa kuibustia kutoka betri ya gari ukiwa umezima injini. Utabaki na betri mbili tupu na gari lisilowaka. Zima kila kitu ndani ya trela, friji ikiwemo. Friji iliyojaa na kufungwa hukaa na ubaridi saa kadhaa ikiwa hakuna mtoto anayeichungulia. Itandikie blanketi juu, ukiacha wazi matundu ya kompresa. Kagua fyuzi zote mbili, kisha plagi, kisha vichwa vya betri. Mara nyingi kosa ni kiungo kilicholegea na si betri. Ukilazimika kufungua, toa hasi kwanza, na unaporudisha iwe ya mwisho.

Kama ni njaa ya kweli, washa gari. Usiliache likiunguruma tu mahali pamoja. Liendeshe, hata kama ni kwenda dukani na kurudi ukiwa na trela nyuma. Kwa chaja ya ampea 20, saa moja ya mwendo ni ampea-saa 20, zinazotosha friji hadi asubuhi. Na kama friji yako ina mpangilio wa kujikatia volti zikishuka, uweke kwenye kiwango cha juu kabla ya kulala, ili ikate yenyewe wakati betri ingali na kitu. Nyama itakayokuwa imeanza kulegea usiku huo, ichomeni kesho yake mchana.